Chini Hakuhesabiwi

Chupa ya kwanza ilikutwa Jumatatu asubuhi juu kabisa ya ngazi zinazotoka chini ya ardhi. Ilikuwa imesimama peke yake kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Ndani yake mlikuwa na biringanya za kusindika, zile ambazo Mama Munir huzijaza kokwa za jozi na pilipili kila Septemba, akazizamisha katika mafuta ya zeituni na kuzipanga kwenye stoo iliyo chini ya baraza la mbele. Aliitazama, akajisemea kwamba uzee umeanza kumchezea, akairudisha chini. Alipofika ngazi ya tatu alipiga hodi, kama alivyopiga kwa miaka arobaini.

Jumanne zilikuwa mbili, juu ya meza ya jikoni. Jumatano zilikuwa tano, sebuleni, zimepangwa mbele ya kiti cha marehemu mumewe. Alhamisi alipofungua mlango wa chumba chake cha kulala, kidole cha mguu kiligonga kioo. Chupa kumi na moja zilikuwa zimejipanga kando ya ukuta wa ujia, na juu ya kila kifuniko palikuwa na alama ya mkono kwa vumbi la makaa, ilhali makaa hayajaingia nyumba ile tangu kabla ya Mama Munir kukanyaga mji huu wa Dearborn, Marekani. Vidole vilikuwa vitano. Ila kila kidole kilikuwa na pingili nne.

Mama Munir hakupiga kelele. Alirudi kitandani, akavuta simu, akampigia mthamini wa nyumba.

"Rihab," alisema kwa kunong'ona, "uliniambia nini siku ile?"

"Siku gani, mama?"

"Siku uliyonipimia nyumba. Uliniambia nini kuhusu chini?"

"Nilikwambia chini hakuhesabiwi."

"Sasa mbona anahamia juu?"

Hapo Rihab alielewa anayesemwa ni nani, akachukua koti.

Rihab alikuwa amethamini nyumba za mji ule kwa miaka kumi na sita, na kama kuna kitu kilichomtia kiburi, basi ni michoro yake. Watu wengi hudhani mchoro wa nyumba unaopelekwa benki ni pambo la ripoti. Kwa Rihab ulikuwa ni kiapo. Alianza kona ya mbele kushoto, akapima ukuta kwa ukuta kwa nje mpaka akarudi kona ile ile, na mstari usipofunga, hata kwa inchi mbili, alirudia nyumba nzima, theluji imfike magotini. Ndani alichora milango na ngazi, akaandika kila chumba kwa jina lake, akapima urefu wa dari. Gereji peke yake, baraza peke yake. Na sehemu yoyote iliyozama ardhini, hata kwa upande mmoja, aliichora pembeni na hakuijumlisha katika eneo la kuishi, hata mwenye nyumba awe ameitandika marumaru. Fanicha hakuchora, wala watu.

"Watu huhama," alipenda kusema. "Kuta hubaki."

Sheria ile ya chini ilimgombanisha na nusu ya mji, kwa sababu mji wenyewe unaishi chini. Jiko la juu ni la kuonyesha wageni, halina hata doa. Jiko la chini ndilo la kukaangia. Kila alikoenda alilalamikiwa. Mama Munir alikuwa wa kwanza kufurahi.

"Hukuhesabu kabisa?" alimuuliza siku ile ya kupima, wiki tatu kabla ya chupa.

"Chini nitakuchora pembeni, mama. Kwenye hesabu hakuingii."

"Niapie."

Rihab alicheka, lakini aliapa. Ndipo bibi yule akamweleza kwamba walipoinunua nyumba, stoo ile, zamani ya makaa, ilikuwa na mwenyewe asiye binadamu. Baba Munir alikwenda kumleta Haji Asaad, wakati huo kijana aliyekuwa akifanya naye kazi kiwanda cha magari na kusoma dua siku za mapumziko. Wakakubaliana na yule wa chini mbele ya karatasi ya mthamini wa kwanza. Baba Munir aliisoma kwa sauti mlangoni mwa stoo: juu ni nyumba, chini si nyumba. Yule akaridhia. Wao washuke kwa hodi, wapike, jua likizama wawe wamepanda. Yeye asipande kamwe.

"Hajavunja hata kikombe," Mama Munir alisema. "Anaheshimu karatasi kuliko wanangu."

Rihab hakubisha. Alikulia katika nyumba kama zile. Aliposhuka kupima stoo, alipiga hodi bila kuambiwa.

Sasa, Alhamisi saa sita mchana, alikuwa amesimama jikoni kwa Mama Munir na koti lake la baridi mwilini, akisoma ripoti yake mwenyewe. Munir, mtoto wa kiume wa bibi, ndiye aliyeileta. Jumapili alikuwa amesimama nayo jiko la chini, mama yake akikaanga vitonge vya nyama vya kibe, akamsomea: mama, angalia, mpaka hapa tuliposimama pamehesabiwa, nyumba yetu imekuwa kubwa mara mbili. Na ndani ya stoo mtu alijibu kwa adabu, "Naam."

"Nilidhani ni mabomba," Mama Munir alisema.

Mchoro ulikuwa wa Rihab na haukuwa wake. Mistari aliijua kama anavyoijua mikono yake, lakini lile sanduku la pembeni lilikuwa limesogezwa ndani ya hesabu, likaandikwa ghorofa ya kuishi, na madirisha mawili yamechorwa kwenye ukuta ambao nyuma yake ni udongo mtupu. Chini kabisa palikuwa na saini yake. Neno la siri la saini ile ya kompyuta lilijulikana na watu wawili tu duniani, na wa pili alikuwa mumewe, Samih, aliyekuwa akizituma ripoti zote za ofisi yao.

"Uliniapia," Mama Munir alisema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Rihab zaidi.

Alishuka chini. Kwa nini alishuka hata yeye hakujua, labda kwa sababu anapochanganyikiwa hupima kitu. Alipiga hodi na hodi haikuitikiwa. Stoo ilikuwa wazi na rafu zake tupu, na harufu ilikuwa ya makaa yaliyomwagiwa maji. Alitoa tepu yake ya kupimia, akanasa ncha yake kwenye mlango wa stoo, akaanza kurudi nyuma kuelekea ngazi, na alipofika katikati ya jiko tepu ikakaza, si kwa kunasa bali kwa kushikwa, vilevile Samih alivyozoea kumshikia upande wa pili, na ikaanza kupata joto kwenye vidole vyake, joto la polepole la sufuria iliyosahauliwa motoni, naye akaendelea kurudi kinyumenyume kwa sababu aliona akisimama atasikia pumzi ya mwenzake, mpaka kisigino kikagusa ngazi ya kwanza.

"Futi kumi na tisa," sauti ilisema kutoka upande wa pili, kwa utulivu wa mtu anayesaidia kazi.

Rihab aliangalia tepu. Zilikuwa futi kumi na tisa.

"Sasa tupime na juu," sauti ikasema.

Aliiacha tepu palepale akapanda.

Samih alikuwa ofisini, anakula mkate uliopakwa zaatari, majani makavu na ufuta, juu ya makaratasi. Alipoona uso wa mkewe aliuweka mkate chini.

"Ni mstari mmoja tu, Rihab. Niliusogeza."

"Kwa jina langu."

"Jina letu. Si tuna ofisi moja?"

"Munir alikupa nini?"

"Hakunipa kitu, ni rafiki. Anataka kufungua tanuri la mikate na nyumba ya mama yake ilikuwa haitoshi kwa mkopo wa benki. Ulikuwa umelala. Na nilijua ungekataa."

"Ndiyo maana hukuniuliza."

"Ndiyo maana sikukuuliza," Samih alikubali, kana kwamba hapo amejieleza vizuri.

Rihab alimsimulia habari za tepu. Samih alijikuna kidevu, akajaribu mzaha kwamba afadhali wamepata msaidizi asiyetaka mshahara, lakini mzaha ulimfia mdomoni. Walimpigia Haji Asaad. Mzee yule, sauti yake imejaa kikohozi, alisema kusahihisha karatasi peke yake hakutoshi, maana kilichokwisha kusomwa kimesikika. Aliyemhesabu sharti asimame mbele yake aseme kwa mdomo wake kwamba alidanganya. Akisema, yule wa chini atarudi chini. Asiposema, atadai haki yake mahali pengine.

"Utasema?" Rihab alimuuliza mumewe.

"Nitasema. Wallahi nitasema." Akambusu kichwani.

Alimwamini. Kwa miaka kumi na moja walikuwa wameshika ncha mbili za tepu moja, na mtu humzoea mwenzake mpaka akadhani ni mkono wake mwingine. Ijumaa asubuhi Rihab alituma benki mchoro sahihi na barua ya kukiri kosa. Jina lake lingechafuka huko, alijua, lakini Mama Munir angelala.

Jumamosi saa saba mchana walikaa sebuleni: Haji Asaad na kitabu chake, Mama Munir na tasbihi, Munir mlangoni, Rihab na mumewe kwenye kochi. Nje theluji ilikuwa inang'aa. Chupa zilikuwa zimekwisha kujaa mpaka ukingoni mwa zulia. Haji Asaad alisoma kwa sauti ndogo, na alipofika mwisho, matundu ya hewa ya moto yaliyo sakafuni yaliacha kuvuma, yote kwa pamoja, kisha ile sauti ikatoka ndani yake. Ilitoka sebuleni, jikoni na chumbani kwa Mama Munir kwa wakati mmoja.

"Sikuomba kuhesabiwa," ilisema. "Nilikaa na neno langu miaka arobaini. Nani amenihesabu?"

Haji Asaad alimtazama Samih. Rihab hakumtazama. Aliuweka mkono wake juu ya goti la mumewe ili ajue kwamba yuko pamoja naye, na harufu ya makaa ya maji ikapanda kutoka kwenye tundu lililo kati ya miguu yao mpaka machozi yakamtoka, na akasubiri, akasubiri, huku akisikia vifuniko vya chupa vikianza kujizungusha kimoja baada ya kingine kwenye ujia, mpaka akadhani mumewe amezimia, na ndipo Samih akafungua mdomo.

"Saini ni yake," alisema.

Goti liliondoka chini ya kiganja.

"Samih," Rihab alisema polepole.

"Angalieni karatasi. Saini ni ya nani? Si yake?"

Munir, aliyejua kila kitu, aliinama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimekwisha kufungwa.

"Hii ni saini yako?" sauti iliuliza.

Rihab angeweza kueleza, na mpaka leo yapo majira ya usiku anayojibu vizuri zaidi. Lakini kwa muda ule kitu kilikuwa kimempasuka kifuani, na swali lilikuwa moja, na jibu lake lilikuwa kweli.

"Ni yangu," alisema.

"Basi nitakaa kwa mwenye saini."

Haji Asaad alianza kusema neno, akakohoa, akafunga kitabu. Kwenye ujia chupa zilianza kuburuzika kuelekea ngazi, kioo kikikwaruza mbao, moja, nyingine, nyingine, zikishuka kwa mpangilio mpaka stoo ikafungwa kwa kishindo. Hewa ya moto ikaanza tena kuvuma. Mama Munir aliwasindikiza mpaka barazani bila kumshika Rihab mkono, na alipofunga mlango walisikia ufunguo ukizungushwa mara mbili.

Garini Samih aliongea njia nzima. Alisema woga ulimshika. Alisema wangemtafuta msomaji mwingine, tena kijana. "Na wewe una moyo mgumu kuliko mimi," alisema, "nilijua utaweza." Kiti cha nyuma kilikuwa kinanuka makaa, na mkanda wa kiti kile ulikuwa umefungwa.

Nyumba yao Rihab aliachiwa na baba yake. Nayo ilikuwa na chini: kochi la Samih, televisheni kubwa ya Samih, na choo kidogo. Walipoingia, chumba chao cha kulala kilikuwa kimekwisha kunuka, na upande wa Rihab wa kitanda shuka ilikuwa na vumbi jeusi. Samih alisimama mlangoni akatazama. Kisha alichukua blanketi na mto wake.

"Nitajilaza chini kwa leo," alisema. "Mpaka hali itulie."

Akashuka. Rihab akabaki juu na huyo mwingine.

Aliketi kwenye meza yake ya kazi, na hapo ndipo alipolia, kilio cha kukwama, kama mtu aliyemeza mfupa. Tundu la sakafuni kando ya mguu wake liliacha kuvuma.

"Halikuwa neno lako lililovunjika," sauti ilisema.

"Ulijua?"

"Nilijua. Mkono wake naujua, nilimsikia akisogeza mstari."

"Mbona basi uliuliza?"

"Nilitaka kusikia atasema nini."

Rihab alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Na mimi," alisema.

Walikaa, wote wawili, kama jamaa waliotoka mazikoni.

"Nipe pa kukaa," sauti ilisema. "Pa kwangu, kwa karatasi. Sipandi juu tena. Juu kuna watu."

Rihab alifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyosemwa. Kisha alivaa glavu, akachukua tepu ya akiba, akatoka nje katika mwanga wa mwisho wa jioni, akaanza kona ya mbele kushoto. Alipima kuta zote na mstari ukafunga. Akarudi ndani, akafungua mlango wa chini, akapiga hodi.

"Unapiga hodi kwako?" Samih alisema kutoka kwenye kochi. Mpira ulikuwa unaendelea.

"Napima."

"Nini?"

"Nyumba. Inuka unishikie upande wa pili."

"Nimekwisha kujilaza, Rihab."

Alisimama akamtazama muda, pengine akimpa nafasi, pengine akimuaga, mwenyewe hasemi. Kisha alinasa ncha ya tepu ukutani akaanza kurudi nyuma, na mtu akaishika vizuri, akaikaza, akamsomea namba kwa sauti ndogo. Samih hakugeuka, alidhani ni mtangazaji.

Aliporudi juu aliichora nyumba yote. Vyumba, milango, ngazi. Sehemu ya chini aliiweka pembeni, na vipimo vyake, na dari yake. Kochi hakulichora, kwa kuwa fanicha hazichorwi. Na aliyelala juu yake hakumchora, kwa kuwa watu hawachorwi. Alipomaliza aliinama kwenye tundu akasoma kwa sauti.

"Juu ni nyumba. Chini si nyumba. Chini hakuhesabiwi, wala kilichomo."

"Naam," sauti ilijibu kwa adabu.

Televisheni ilizimika. "Rihab," Samih aliita, "umegusa umeme?" Kisha akaita tena, kwa sauti ya mtoto, "Rihab, nani ameshika mguu wangu?" Rihab alichukua kalamu, akatia saini kwa mkono wake mwenyewe, akaandika na tarehe.

Siku ya tatu Munir alikuja kumuulizia rafiki yake. Alimkuta Rihab mezani, anakula mkate na biringanya za kusindika. Alipomuuliza chupa ile kaipata wapi, ikiwa ni kazi ya mama yake kabisa, Rihab alisema aliikuta juu ya ngazi. Na Samih?

"Hapa naishi peke yangu," alisema. "Angalia karatasi, hiyo ukutani."

Munir aliuangalia mchoro. Halafu akainamisha kichwa, kwa sababu kwenye tundu la sakafuni, mbali, chini kuliko nyumba yoyote inavyokwenda chini, kulikuwa na mtu anayesema neno moja tu, akilimaliza analianza upya. "Ni mimi niliyeusogeza mstari. Ni mimi niliyeusogeza."

Rihab alisogeza zulia kwa mguu mpaka likafunika tundu, akammiminia mgeni kahawa.